Legacy B4 Iachwe Ilivyo

Simwelewi mtu anayenunua Subaru Legacy B4 ya tabo, yaani yenye kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu, halafu wiki hiyohiyo anakimbia kwa fundi kufungiwa ekzosti ya kunguruma. Umelipia siri, kisha unaitangaza mtaa mzima?

Nazungumzia hasa 2.0GT, ile iliyoanza kutoka Japani mwaka 2003. Ikiegeshwa nje ya kanisa Jumapili, utadhani ni ya mwalimu mkuu: milango minne, viti vitano, buti ya kumeza viazi na mikungu ya ndizi kutoka ushago. Kinachoichongea ni kitu kimoja tu, lile tundu juu ya boneti. Wengi hudhani ni urembo. Tabo ikishakandamiza hewa, hewa hiyo hupata joto, na hewa moto hubeba oksijeni kidogo. Tundu lile linaingiza upepo wa kupoza intakula, kifaa cha kupoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye injini, kilicholala juu yake.

Injini yenyewe ni ya lita 2 tu, silinda nne zilizolala ubavu, lakini inatoa nguvu za farasi 280 kwenye gia za mkono na 260 kwenye otomatiki. Kwa miaka mingi watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze gari la kuuzwa kwao lenye zaidi ya farasi 280. Gari la kubebea watoto shule, basi, liligusa dari moja na magari ya michezo. Toleo lililotangulia lilikuwa na tabo mbili za kupokezana, na pale ya pili inapoamka palikuwa na bonde: unakanyaga, gari linasita, ghafla linakurusha. Hili la 2003 lina tabo moja, na mvuto wake hauna kigugumizi hicho.

Damu ya mbio nayo si ya kuazima. Legacy ya kwanza ilianza mashindano ya dunia hapa kwetu Kenya, Safari Rally ya 1990, na mwaka 1993 dereva Colin McRae akaitumia kuipa Subaru ushindi wake wa kwanza wa dunia kule New Zealand. Impreza, Subaru nyingine, ilikuja baadaye ikabeba sifa zote.

Kuna wanaosema nguvu hizi ni za vijana watundu, kwamba baba wa watoto watatu hazimhusu. Hao sidhani wamewahi kukwama nyuma ya matrela matatu yaliyoandamana kupanda kuelekea Mau Summit. Kufika kilomita 110 kwa saa, hata kigari cha lita 1.3 kinafika, na zaidi ya hapo sheria haikuruhusu. Cha muhimu ni kutoka 60 hadi 100 unapoyapita matrela hayo, maana muda huo wote uko upande wa wanaokuja. Mimi nautaka uwe mfupi iwezekanavyo, na familia ikiwa ndani ya gari nautaka mfupi zaidi.

Mfukoni hapo nakubaliana na wapinzani. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili, kwa hiyo oili ya bei ya kutupa, au iliyopitwa na wakati, inaiua. Kwenye injini hizi kuna boliti ya mrija unaopeleka oili kwenye tabo, na ndani yake mna kichujio kidogo cha wavu. Kikiziba kwa masizi, tabo inakauka huku taa ya oili kwenye dashibodi imetulia tuli. Fundi anayezijua huanza na boliti hiyo kabla ya kukuambia lolote kuhusu kelele unayoisikia.

Na kwa kuwa Kenya haturuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka minane, kila 2.0GT ya kizazi hicho unayoiona ikiuzwa leo imeshapita mikononi mwa Mkenya mmoja au kadhaa. Makaratasi ya mnada wa Japani hayakwambii ilivyoishi hapa. Omba risiti za oili. Uliza pia mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, ulibadilishwa lini, maana kikomo chake ni kilomita 100,000, na ukikatika njiani valvu zinagongana na pistoni. Mwenye gari akianza kubabaika kwenye swali hilo, punguza bei kwa gharama ya mkanda, pampu ya maji na kazi ya fundi, au mwachie gari lake.