Tatizo la chupa ya maji liko nje ya maji

Joto likianza tu, ujumbe uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: usinywe maji yaliyolala kwenye gari, plastiki ikipata moto inatoa sumu ya saratani, msambazie umpendaye. Wapo wanaoamini kila neno, na wapo wanaoucheka na kuhitimisha kwamba basi chupa haina neno. Kwangu wote wamegombea swali dogo wakaliacha kubwa. Ila hilo dogo nalo lina majibu, tuanze nalo.

Chupa ya kawaida ya maji, ya nusu lita au lita moja na nusu, ni ya plastiki iitwayo PET. Geuza kitako utaona namba 1 ndani ya pembetatu. Katika kuitengeneza hutumika antimoni kidogo, ambayo ni aina ya metali, na ni kweli kwamba antimoni hiyo huingia kwenye maji kadiri joto linavyopanda. Mwaka 2008 watafiti wa Arizona, jimbo la Marekani lenye jua la jangwani, walipima: kwenye nyuzi joto 60 maji yalihitaji siku 176 kuvuka kiwango kinachoruhusiwa nchini mwao, na kwenye nyuzi 80 zilitosha siku mbili na ushei. Gari likiegeshwa juani mchana kutwa linaweza kukaribia nyuzi 60, kisha usiku linapoa. Chupa iliyosahauliwa chini ya kiti tangu asubuhi haijafika popote. Stoo ya bati ambamo katoni zinapangwa miezi na miezi ni habari nyingine, na huko ndiko ningependa mkaguzi apite, maana mnunuzi hana namna ya kujua katoni yake ililala wapi.

Kemikali inayotajwa sana kwenye jumbe hizo, bisfenoli A (BPA), si sehemu ya PET. Inatumika kutengeneza polikaboneti, plastiki ngumu ya yale madumu makubwa yanayopinduliwa juu ya mashine ya maji ofisini, ingawa si yote. Huko wasiwasi una msingi. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za kunyonyeshea mwaka 2011. Mwaka 2023 mamlaka yake ya usalama wa chakula ikashusha kiwango cha siku kinachohesabiwa kuwa salama mara 20,000, na Desemba 2024 ikapitishwa marufuku kwa vyombo vya chakula kwa ujumla. Kwa hiyo anayeikwepa chupa ndogo na kujaza kikombe kwenye dumu la ofisini huenda amehama pasipo na tatizo akahamia penye tatizo.

Hoja nzito zaidi ya watu wa tahadhari ni chembechembe. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walitangaza kwamba walikuta wastani wa vipande 240,000 vya plastiki katika lita moja ya maji ya chupa yanayouzwa Marekani, asilimia 90 vikiwa vidogo kiasi cha kuweza kupenya hadi kwenye damu. Miezi miwili baadaye madaktari wa Italia wakaripoti kuhusu wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo: ambao utando wa mafuta kwenye mishipa yao ulikuwa na plastiki walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu zaidi ya wenzao katika miaka takriban mitatu.

Ukisoma haraka utamwaga maji yako. Ukisoma taratibu utakuta kwamba kwenye chupa zile za Marekani PET haikuongoza. Iliyoizidi ni nailoni, na watafiti wanadhani inatoka kwenye vichujio vya kiwandani, vilevile vinavyosafisha maji. Plastiki ya kwenye mishipa ya Waitaliano nayo ilikuwa polietilini na PVC, ambazo zimetuzunguka kwenye mifuko, mabomba na vifungashio. Na kukuta vitu viwili pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kimeleta kingine. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba kwa ushahidi wa wakati huo chembe hizo kwenye maji ya kunywa hazijaonekana kuwa hatari, likataka utafiti zaidi. Utafiti umeendelea kuja, na hauelekei kututuliza. Mimi nauchukulia wasiwasi huo kuwa halali, na bado ninakunywa maji ya chupa.

Sababu yangu ni kwamba kwetu chupa hailinganishwi na chemchemi safi. Inalinganishwa na kisima kilicho jirani na choo, na dumu la mkokoteni lisilojulikana limejazwa wapi. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoani na kuendelea kuua katika miaka iliyofuata. Kuhara bado kunaua watoto zaidi ya 400,000 wa chini ya miaka 5 duniani kila mwaka. Kifo hicho hakisubiri miaka 30 ya utafiti, kinakuja kwa siku mbili.

Chupa yenyewe, ikiwa tupu, imewahi kuwa dawa. Kajiado, kusini mwa Kenya, miaka ya 1990, familia za Kimaasai zilishirikishwa katika jaribio: maji hutiwa kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, chupa inalazwa juu ya paa kutwa nzima, na watoto wa kundi la kulinganisha wanakunywa maji ya chupa zilizobaki ndani ya nyumba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuhara kumepungua, si kwa kiasi kikubwa lakini kumepungua. Kipindupindu kilipoingia eneo hilo baadaye, watoto wadogo wa nyumba zilizoanika chupa walisalimika zaidi. Mwale wa jua na joto huua vijidudu kwa saa sita hivi, siku mbili kukiwa na mawingu. Yaani jambo lilelile ambalo ujumbe wa WhatsApp unalikataza, chupa juani, lilikuwa kinga kwa watoto wa Kajiado.

Sasa tutoke nje ya maji, ambako hakuna ubishi wa kimaabara. Nenda bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, mvua ikikatika, au tazama mtaro wowote wa mjini. PET ni nzito kuliko maji: chupa isiyo na kifuniko hujaa na kuzama, iliyofungwa huelea hadi baharini, na kifuniko, ambacho ni plastiki nyingine nyepesi, husafiri peke yake. Ndiyo maana ufukweni unaokota vifuniko vingi kuliko chupa, na ndiyo maana tangu Julai 2024 Ulaya inalazimisha kifuniko kibaki kimeng'ang'ania shingo. Zisizofika baharini huziba mitaro, au huchomwa uani pamoja na takataka nyingine, moshi ukiingia madirishani.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na rambo kweli zikapungua mno. Wengi wanauliza kwa nini chupa zisifuate. Kwa sababu mfuko una mbadala wa kikapu, chupa haina mbadala rahisi. Kioo kinachotumika mara moja kikatupwa kina madhara makubwa kwa hali ya hewa kuliko PET, kwa uzito wake na moto wa kukiyeyusha. Kioo kinashinda kikirudi kiwandani mara nyingi.

Na kilikuwa kinarudi. Wenye umri wa kunielewa wanakumbuka: hukupewa soda ya kuondoka nayo bila kuacha chupa tupu au hela ya chupa, na mangi wa duka hakuwa na masihara juu ya hilo. Kreti zilipanda lori zimejaa, zikarudi na tupu. Chupa ilikuwa mali ya kampuni, ikipotea kampuni inapata hasara, kwa hiyo kampuni iliifukuzia. Soda za takeaway zilipoingia tulifurahia wepesi wake, hatukuona kilichobadilika kwenye hesabu: chupa iliacha kuwa mali ya aliyeitengeneza ikawa taka za manispaa. Anayeihangaikia leo ni muokota makopo, anayelipwa kwa kilo kitu ambacho kikiwa kitupu ni gramu chache tu.

Ninachotaka ni hela ya chupa irudi, safari hii kwenye chupa za plastiki. Wazalishaji wana hoja zao. Wanasema maji ya bei nafuu yakiongezwa hela ya chupa yatamshinda mlalahoi, na viwanda vidogo visivyosajiliwa vitakwepa na kuuza kwa bei ya chini. La kwanza silikubali, kwa kuwa hela ya chupa inarudishwa. La pili ni la kweli na linahitaji ukaguzi ambao hatuna rekodi nzuri nayo. Ujerumani ilianza hela ya chupa mwaka 2003 kwa senti 25 za yuro kwa chupa, na zaidi ya chupa tisa kati ya kumi hurudi, ila wao wana mashine kwenye kila duka kubwa. Sisi tuna maduka ya mitaani, na kwa uzoefu wa kreti hayo yanatosha.

Kenya imechagua njia nyingine. Sheria yake ya taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutupwa. Ni hatua, lakini wajibu huo ukiishia kwenye ada, ada huingia kwenye taasisi, wakati hela ya chupa huingia mkononi mwa aliyeileta. Kama shilingi 100 za Tanzania zingekuwa juu ya kila chupa, muokota makopo wa Tandale, Dar es Salaam, angepata shilingi 1,000 kwa chupa kumi tu, na swali la kujibiwa na wabunge lingebaki moja tu: nani atamlipa mangi kwa nafasi ya kuzihifadhi.