Tyubu ya "tatu kwa moja" inaficha ugonjwa, haiponyi

Mteja anakunja mkono wa shati na kuonyesha duara linalowasha. Muuzaji wa duka la dawa haulizi mengi. Anatoa tyubu moja yenye dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) ndani yake. Hesabu yake inaeleweka: hata kama ugonjwa haujulikani, mojawapo itapata. Kwangu mimi tyubu hiyo haifai kuwa jibu la kwanza la muwasho wowote, na anayeitoa bila kuangalia ngozi anamtengenezea mwenzake wa kliniki kazi ngumu mara mbili.

Soma viungo ubavuni mwa boksi. Mara nyingi utakuta klotrimazoli ya asilimia 1 kwa fangasi, jentamaisini au neomaisini kwa bakteria, kisha steroidi: betamethasoni au klobetasoli. Klobetasoli ya asilimia 0.05 imo katika kundi la juu kabisa la nguvu za steroidi za kupaka. Steroidi haiui fangasi. Inanyamazisha kinga ya mwili iliyokuwa ikipambana nao. Siku mbili tatu muwasho umetulia, mgonjwa anaisifu dawa, na fangasi wameachiwa uwanja. Akiacha kupaka, duara linarudi likiwa pana zaidi. Naye hurudi kununua tyubu ileile, si ilimsaidia?

Choa cha kawaida, yaani fangasi wa ngozi wa mviringo, kinajulikana kwa ukingo ulioinuka wenye magamba, katikati pakiwa pameanza kusafika. Kikipakwa steroidi kwa wiki kadhaa, ukingo unalala, magamba yanapungua, vipele na vijiusaha vinatapakaa, na pengine duara linazaa duara jingine ndani yake. Mwaka 1968 Ive na Marks waliiita hali hii tinea inkognito, yaani fangasi aliyejibadilisha sura. Kwenye ngozi nyeusi upo mtego mwingine: vitabu vinasema "wekundu", ilhali kwetu ngozi inayowasha huonekana zambarau, kijivu au kahawia iliyokoza. Anayesubiri wekundu atasema ni ukurutu, na kwa ukurutu ataandika steroidi tena.

Kinachokata mzizi wa fitina ni kukwangua. Futa mahali hapo kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya krimu huonekana kama matone mengi chini ya hadubini. Shika wembe wa upasuaji, kwangua ukingoni na si katikati, magamba yadondoke juu ya slaidi, kile kioo cha kuwekea sampuli chini ya hadubini. Weka tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, funika kwa kioo chembamba, subiri dakika 10 hadi 20 seli za ngozi ziyeyuke. Ukipasha moto, pasha kidogo tu. Ikichemka inaacha fuwele na slaidi imeharibika. Punguza mwanga, anza na lenzi ya 10 kisha ya 40. Unatafuta nyuzi zenye unene ule ule, zenye vipingili na matawi, zinazokatiza mipaka ya seli. Uzi wa pamba huwadanganya wengi, lakini hauna vipingili. Jambo la kufurahisha ni kwamba choa kilicholishwa steroidi mara nyingi huwa kimejaa fangasi, kwa hiyo ugonjwa uliofichika machoni unajianika wenyewe kwenye slaidi.

Matibabu huanza kwa kusimamisha tyubu. Mwambie mgonjwa mapema kwamba siku za mwanzo muwasho unaweza kuzidi. Asipoonywa ataikimbilia tena. Choa kidogo kinatosheka na klotrimazoli tupu mara mbili kwa siku, ikivuka ukingo kwa sentimita 2, na isiachwe siku ngozi inaposafika bali iendelee wiki moja au mbili zaidi. Kikiwa kimeenea, au fangasi wameshazama kwenye vinyweleo, krimu haiwafikii: mtu mzima hupewa terbinafini ya kumeza miligramu 250 kwa siku, wiki 2 hadi 4, baada ya kuulizwa habari za ini. Mapunye ya kichwani kwa mtoto nayo hayaponi kwa kupaka. Yanataka dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na ikiwa ni griseofulvini inywewe na chakula chenye mafuta.

Slaidi ikiwa safi, usilazimishe fangasi. Ukurutu wa mviringo upo, na huo kweli unahitaji steroidi yenye nguvu kwa muda mfupi. Baka lililopauka lisilowasha lipimwe kwa ncha ya pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho na kugusa kwa kidole pale anapohisi. Asipohisi kitu juu ya baka, mpeleke akapimwe ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure.

Swali la historia nalo liulizwe vizuri. "Unatumia dawa gani?" huleta jibu la "situmii", kwa sababu mkorogo wa kung'arisha uso hauhesabiwi kuwa dawa, na baadhi yake una klobetasoli. Muulize anapaka nini asubuhi na usiku, na siku ya kurudi aje na vikopo vyote, hata vile visivyo na lebo.