Polisi, jeshi na kikokotoo: wanachodai na kinachowauma

Polisi wa Tanzania akistaafu, barua inayomnyima usingizi mara nyingi si ya mafao. Ni ile ya kumtaka aachie kota. Ameishi line polisi miaka thelathini na ushee, kila uhamisho akipakia godoro, kabati na masufuria kwenye lori na kwenda kuanza upya mahali asipomjua mtu. Mwalimu aliyetulia shule moja miaka kumi amekwisha nunua kiwanja, amesimamisha msingi, kila akipata kidogo anaongeza tofali. Polisi wengi nyumba yao ya kwanza wameiwekea matumaini kwenye mkupuo, yale malipo ya mara moja ya kustaafu. Ndiyo maana neno kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, likitajwa kituoni linachoma kuliko likitajwa kwingine.

Madai yenyewe, kwamba polisi walipwe pensheni na Hazina kama jeshi, yako hivi. Polisi yuko PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Mshahara wake unakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15, na siku ya kustaafu anapimwa kwa kanuni ileile anayopimwa karani wa halmashauri. Mwanajeshi wa JWTZ hayumo humo, pensheni yake inatoka Hazina. Wote wawili wamekula kiapo, wote hawaruhusiwi kugoma, wote wanahamishwa usiku wakiambiwa kesho waripoti. Sasa mbona mwisho wa utumishi mmoja anaelekezwa dirisha hili na mwenzake lile?

Kabla ya kujibu, tupige hesabu, maana mjadala huu una kelele nyingi na tarakimu chache. Tumchukue koplo wa kufikirika mwenye mshahara wa shilingi 900,000, yaani milioni 10.8 kwa mwaka, aliyetumikia miezi 420, sawa na miaka 35. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF mshahara wa mwaka uligawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa miezi ya utumishi. Nusu ya jibu ilizidishwa kwa 15.5 ikawa mkupuo, nusu iliyobaki ikawa pensheni ya mwaka. Koplo wetu angeondoka na milioni 65.1, kisha 350,000 kila mwezi.

Kanuni iliyoanza Julai 1, 2022 inagawanya kwa 580, inatumia kizidisho cha 12.5, na mkupuo ulianzia asilimia 33. Koplo yuleyule anapata takriban milioni 32.3 mkononi na 436,700 kwa mwezi. Katika bajeti ya Juni 2024 serikali ilitangaza kupandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu chini ya kanuni za zamani, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata robo. Polisi, kwa kuwa walitoka PSPF, wanaangukia kundi la kwanza. Kwa asilimia 40 koplo anapewa milioni 39.1, na pensheni inashuka kuwa kama 391,000.

Watetezi wa kanuni mpya husema mstaafu hajaibiwa kitu, fedha zimehamishwa tu kutoka mkupuo kwenda pensheni ya kila mwezi. Kwenye asilimia peke yake wana hoja. Ukilinganisha 33 na 40 ndani ya kanuni mpya, anayechukua mkupuo mdogo anarudisha tofauti baada ya miaka 12 na nusu, na akiishi zaidi ya hapo anakula faida. Lakini tukiweka kanuni ya zamani na ya sasa bega kwa bega, mkupuo umepungua milioni 26 na pensheni imeongezeka elfu 41 tu kwa mwezi. Kuzirudisha zile milioni 26 kwa elfu arobaini na moja kunahitaji zaidi ya miaka 52. Aliyestaafu na 60 awe amefikisha 112! Tena hapo sijagusa kupanda kwa bei. Kwa hiyo asilimia ndiyo inayopigiwa kelele, ila walioondoa nyama kwenye sahani ni 580 na 12.5.

Polisi basi wana haki ya kulalamika. Je, dawa ni kuwahamishia Hazina wakae na jeshi?

Hapa ndipo ninaposita. Kulipwa na Hazina maana yake ni kulipwa na kodi ya mwaka husika, bila akiba iliyowekwa pembeni. Tumewahi kupita njia hiyo. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali hawakuwa wakichangia pensheni. Mfuko wa PSPF ulipoanzishwa ulirithi ahadi za miaka hiyo bila fedha zake, na deni likaendelea kuvimba hadi Desemba 2021 serikali ilipoupa PSSSF hati fungani maalumu isiyo taslimu, yaani ahadi ya kulipa baadaye, ya shilingi trilioni 2.17. Ukiwatoa polisi leo, unamwachia waziri wa fedha wa mwaka 2050 mzigo wa namna ileile. Mfuko nao unapoteza wachangiaji vijana ambao makato yao ndiyo yanawalipa wazee wa sasa.

Halafu kuna suala la foleni. Askari magereza anayelinda wafungwa usiku kucha atauliza, mimi je? Wa zimamoto naye, wa uhamiaji naye. Nesi wa wodi ya magonjwa ya kuambukiza hana bunduki, lakini hatari anaijua. Sikubaliani na wanaoitumia foleni hii kama sababu ya kutomsikiliza yeyote. Inaonyesha tu kwamba hatari peke yake haitoshi kuwa kigezo cha pensheni. Hatari ilipwe mtu akiwa kazini, na alipwe vizuri. Tatizo ni kwamba tunailipa kwa posho, na posho haziingii kwenye kikokotoo. Askari anafurahia bahasha nono miaka yote, siku ya mwisho anapimwa kwa mshahara mtupu. Polisi na mwanajeshi wanaweza hata kulingana mishahara na bado wakaachana mbali uzeeni, kutegemea kipi kiliandikwa mshahara na kipi kiliandikwa posho. Sehemu hii sioni ikizungumzwa vya kutosha, pengine kwa sababu haina kauli mbiu.

Kwangu mimi, lililo zito zaidi ni namna kanuni ilivyobadilishwa. Kikokotoo cha mwaka 2018, kilichokuwa na mkupuo wa asilimia 25, kilizua kelele hadi Rais Magufuli akakisitisha Desemba 28 mwaka huohuo na kuagiza kanuni za zamani zitumike mpaka 2023. Kanuni ya 2022 ikaja baada ya serikali kukubaliana na vyama vya wafanyakazi kupitia shirikisho lao, TUCTA. Polisi hakuwa na chama pale mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimgusi kabisa, imemweka nje pamoja na jeshi, magereza na JKT. Mwalimu anaweza kukikasirikia chama chake kwa kukubali asilimia 33. Polisi hana hata wa kumkasirikia. Alipewa matokeo ya mazungumzo ambayo hakualikwa, yanayohusu miaka aliyokwisha kuitumikia.

Hiyo miaka aliyokwisha kuitumikia ndiyo ningeanza nayo. Koplo wetu kama aliajiriwa Julai 1995 na atastaafu mwisho wa Juni 2030, miezi 324 aliifanya chini ya kanuni ya zamani na 96 chini ya mpya. Kila kipande kikipigwa kwa kanuni yake, mkupuo unakuwa kama milioni 59.2 badala ya 39.1, na pensheni kama 359,000 kwa mwezi. Ile milioni 20 ya tofauti isitolewe na mfuko, maana mfuko haukuweka ahadi hiyo. Itoke Hazina, kama ilivyokubali kubeba madeni ya kabla ya 1999.

Watu wa fedha watasema ni ghali, na kwa kweli kila koplo elfu moja wa aina hii ni shilingi bilioni 20. Wengine watasema walimu na manesi nao watadai vivyo hivyo, na watakuwa na haki ileile, kwa sababu nao walibadilishiwa katikati ya safari. Ila deni hili lina mwisho. Aliyeajiriwa baada ya Julai 2022 hadai chochote, na kila mwaka unaopita kundi lenye madai linapungua, hadi astaafu wa mwisho wao. Kuhamia Hazina kunawaingiza hata kuruta wa mwaka huu, na wa mwaka kesho, na wa baada yake.