Kifaransa na Kichina kwenye sekondari za serikali Dar: ni anasa kweli?

Januari, kidato cha kwanza kinapofurika na vyumba havitoshi, mwalimu wa taaluma hutafuta pa kupunguza kwenye ratiba, na mara nyingi panapopunguzwa kwanza ni kwenye lugha ya kigeni. Kifaransa kinahamishiwa Ijumaa mchana kiwe klabu, Kichina kinaambiwa kisubiri mwalimu, Kiarabu kinaachiwa madrasa. Wazazi wengi wanaunga mkono. Mtoto Kiingereza chenyewe kinampa tabu, Hisabati inamshinda, hiyo bonjour itamsaidia nini?

Ukitaja shule yenye mtazamo wa kimataifa hapa Dar, akili za watu zinakwenda Masaki na Oysterbay, kwenye ada zilizokuwa zikilipwa kwa dola. Hapa nazungumzia zile nyingine: sekondari za kutwa za serikali, kongwe za katikati ya jiji na za kata kuanzia Mbagala mpaka Bunju, ambako elimu ni bila ada tangu 2016. Mtaala ulioboreshwa unaruhusu Kifaransa, Kiarabu na Kichina viwe masomo ya kuchagua. Ubishi ni kama shule ya watoto wa kawaida inayo sababu ya kuitumia ruhusa hiyo.

Wanaosema hapana wana hoja nzito. Katika Hisabati, kwa miaka mingi, hata theluthi ya watahiniwa wa kidato cha nne haifaulu. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubakizwa juu kwa ajili ya vitabu. Mkuu wa shule ambaye ikama yake, yaani orodha ya nafasi za walimu walioajiriwa, ina pengo la mwalimu wa Fizikia hawezi kulaumiwa akiona mwalimu wa Kifaransa ni nafasi iliyokwenda pasipostahili. Kuna pia hofu ya kutegemea wageni. Lugha za kigeni zina mabalozi wake mjini: Taasisi ya Confucius ya Kichina iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2013, Alliance Française ya Kifaransa na Goethe-Institut ya Kijerumani wako Upanga. Wanatoa vitabu, semina, wakati mwingine hata walimu. Mradi ukiisha, shule hubaki na mabango ukutani na kidato cha tatu kisicho na mwalimu. Hilo ni jambo zito, nami nitalirudia.

Ila hoja inayosikika zaidi kwenye vikao vya wazazi, kwamba lugha ya kigeni itamshushia mtoto divisheni, haina msingi. Baraza la mitihani, NECTA, hupanga divisheni kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, F ni pointi 5. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni wani. Mwanafunzi mwenye masomo tisa akipata F ya Kifaransa, F hiyo haiingii kwenye hesabu mradi anayo masomo saba mengine yaliyo bora kuliko hilo. Akipata C pale ambapo Fizikia imempa F, C hiyo inamwokoa. Somo la ziada haliwezi kumwongezea pointi mbaya. Kinachoweza kuumia ni muda wake wa kujisomea, na mkuu wa shule anaweza kuumia pia, maana ukurasa wa matokeo wa shule unaonesha kila somo na wastani wake, na safu ya Kifaransa yenye D na F nyingi haipendezi mbele ya afisa elimu. Hofu hiyo ya mkuu naielewa. Isipewe jina la huruma kwa mtoto.

Sasa twende kwenye saa, maana hapo ndipo kesi nzima ilipo na ndipo watu wasipopaangalia.

Mwaka wa masomo una siku 194, yaani wiki 39 hivi. Toa majaribio ya katikati ya muhula, mitihani ya muhula, moko, wiki ya michezo na zile siku ambazo ratiba haifuatwi. Chukua wiki 32 za kufundisha kweli. Vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki ni saa mbili. Kwa mwaka ni saa 64. Kidato cha nne kinafupishwa na mtihani wa Novemba, kipe saa 48. Jumla ya miaka minne ni saa 240.

Katika makadirio yanayotumiwa na walimu wa lugha, ngazi ya A2 ya vipimo vya Ulaya huhitaji saa 180 hadi 200 za darasani, na B1 huhitaji 350 hadi 400. Kwa hiyo saa 240 za Kifaransa zinamvusha mtoto A2 bila kumfikisha B1. Huyo hawezi kuwa mkalimani. Anaweza kusoma ankara, kuuliza bei na idadi, kujaza fomu, kuandika ujumbe mfupi unaoeleweka. Kichina ni mlima mwingine: taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia hukadiria saa 2,200 kwa mzungumzaji wa Kiingereza, na saa 240 ni chini ya sehemu moja ya tisa ya hizo. Shule inayoanzisha Kichina iwaambie wazazi hivyo tangu siku ya kwanza. Atakachobeba mtoto ni toni nne zilizonyooka, herufi mia chache na ujasiri wa kuendelea chuoni.

Tazama sasa kinachotokea mkuu akisema, "Tupunguze kipindi kimoja tu." Saa 240 zinakuwa 160, na mtoto aliyekaa miaka minne darasani hajaifikia hata A2. Kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki kimekula faida yote ya vile viwili vilivyobaki. Ukilifanya somo kuwa klabu ya saa moja inayokutana mara 20 kwa mwaka, mtoto anapata saa 80 katika miaka minne: salamu, namba, siku za wiki. Halafu tunasema watoto wetu hawawezi lugha. Ukweli ni kwamba hawajafundishwa kwa muda wa kutosha kujua kama wanaweza.

Klabu ya jioni ina tatizo jingine ambalo mtu wa Dar hahitaji kuelezwa sana. Mwanafunzi analipa nauli ya shilingi 200, na jioni gari zinapoanza kujaa, konda anamhesabu kama hasara. Anayesoma katikati ya jiji na kuishi Gongo la Mboto au Mbagala Rangi Tatu akibaki mpaka saa kumi na nusu, anafika nyumbani giza limeingia. Wa kwanza kuacha klabu ni wasichana na wanaokaa mbali. Wanaobaki ni wa jirani na wale wenye gari la nyumbani. Kwa hiyo somo lililoondolewa kwenye ratiba kwa jina la kuwajali watoto wa kawaida linageuka kuwa la watoto wachache wenye nafasi. Anayetaka usawa aliweke saa tatu asubuhi.

Mengi yanayoharibika ni ya kupanga tu, na yanapangika. Kosa kubwa ni shauku ya mwanzo. Shule inapata mwalimu mmoja wa Kifaransa, inatangaza kidato cha kwanza chote kisome, mikondo minne. Vipindi 3 mara mikondo 4 ni 12. Mwaka wa pili ni 24, na mwalimu amejaa. Mwaka wa tatu ni 36, jambo lisilowezekana, hivyo kidato cha tatu kinaambiwa somo limesimama. Watoto wamepoteza saa 128 walizokwisha kusoma, na wazazi wamepata ushahidi kwamba lugha za kigeni ni mbwembwe.

Shule ileile ingeanza na kundi moja la wanafunzi 40 kila kidato, mwalimu yuleyule angebeba vidato vyote vinne kwa vipindi 12, na angebaki na nafasi ya kufundisha Kiingereza au Kiswahili, ambayo mara nyingi ndilo somo lake la pili. Hapo hata wafadhili wakiondoka, somo linasimama kwa miguu yake. Hofu ya kutegemea wageni ina jibu hapo. Vitabu tupokee, semina tupokee, lakini anayeshika chaki awe mwajiriwa aliye kwenye ikama.

Kundi la kuchagua linaendeshwa sambamba na masomo mengine ya hiari katika kipindi kilekile, na gharama yake ya kweli itajwe. Tuseme kidato kina mikondo minne ya watoto 70. Wanafunzi 40 wakienda Kifaransa na wengine 240 wakigawanywa vyumba vitatu vilivyobaki, kila chumba kina watoto 80. Kumi wameongezeka, na walimu wa masomo hayo watalalamika kwa haki. Dawa ni kundi la lugha kukaa maabara ya baiolojia au maktaba kwa kipindi ambacho haitumiki, ili vyumba vinne vibaki vya wenzao, kila kimoja na watoto 60. Halafu kuna kuhama. Watoto wakibadilisha vyumba katikati ya asubuhi, dakika 40 zinakuwa 32 kabla hawajakaa. Kipindi kikiwekwa mara baada ya mapumziko ya saa nne, au kiwe cha kwanza, wanatembea kwa muda wa mapumziko na somo linabaki zima. Vipindi vitatu viwe siku tatu tofauti. Dabo ya dakika 80 inachosha masikio, na toni za Kichina au sauti za puani za Kifaransa zinataka kurudiwa mara kwa mara.

Tunawahesabu pia watoto hawa kama wanaanza na sifuri, jambo ambalo kwa Dar si kweli. Katika darasa lolote la Temeke au Ilala wamo waliopitia madrasa, wanaosoma herufi za Kiarabu bila kusita, wanaotamka kha na ghain sawasawa. Wanachokosa ni sarufi na mazungumzo. Kwao Kiarabu kina kichwa cha kuanzia ambacho hakuna lugha nyingine ya kigeni inacho, na ndiyo lugha tunayoifikiria mwisho. Wamo wenye ndugu Bujumbura, Bukavu au Moroni, waliokwisha kusikia Kifaransa nyumbani. Mwalimu mwenye macho huwaweka hao katikati ya makundi ya mazoezi badala ya kuwaacha wakae mstari wa nyuma wakiona aibu ya lafudhi yao. Uanajumuiya wa Afrika Mashariki unaanzia kwenye madawati hayo.

Kuna anayeuliza, Kifaransa cha nini wakati Mkongomani anayekuja Kariakoo anaongea Kiswahili? Ni swali zuri. Mfanyabiashara wa Lubumbashi au Goma kweli atapatana bei kwa Kiswahili. Karatasi zake za upande wa pili, kuanzia tamko la forodha mpaka mkataba, zimeandikwa kwa Kifaransa. Kongo na Zambia ni wateja wakubwa kabisa wa mizigo inayopita bandari yetu, Wakomoro wananunua hapa, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliamua Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mwaka mmoja kabla Kongo haijaingia rasmi. Kijana anayefanya kazi kwa wakala wa forodha na kuisoma ankara ya Kifaransa bila kumsubiri mtu anajua thamani ya A2 yake. Kichina kina hoja kama hiyo kwa wanaoagiza bidhaa Guangzhou, ingawa kwa saa zetu faida yake iko mbali zaidi.

Mambo mengine ya shule kutazama nje, kama klabu za Umoja wa Mataifa na urafiki na shule za ng'ambo, ni mazuri, ila yasichukue nafasi ya kipindi. Lililo rahisi kuliko yote ni mashindano ya insha ya sekondari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya SADC, yanayotaka karatasi na mwalimu wa kusahihisha rasimu mbili. Shule hukosa kushiriki kwa sababu tangazo limebandikwa ofisini na siku ya mwisho imepita.

Upande wa kidato cha tano nao umebadilika. Mwaka 2024 zilitangazwa tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano na sita, 65, 49 kati yake mpya, na lugha za kigeni zimo. Mtoto anayejaza Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, hawezi kuchagua tahasusi ya lugha ambayo shule yake iliiacha alipokuwa kidato cha pili. Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya uhaba wa vyumba unamfungia mlango miaka miwili baadaye, na hakuna aliyemwambia.

Kwa mpango uliopo wa kufupisha elimu ya msingi iwe miaka sita, mwaka 2028 wahitimu wa darasa la sita na la saba wataingia kidato cha kwanza pamoja. Msongamano utakuwa mkubwa kuliko wa Januari yoyote tuliyozoea, na masomo ya kuchagua ndiyo yatakayoguswa kwanza. Shule inayotaka lugha ya kigeni ianze na kundi lake la 40 angalau mwaka mmoja kabla ya hapo, kwa sababu somo ambalo tayari lina wanafunzi katikati ya safari ya mtihani, na mwalimu wake yumo kwenye ikama, ni gumu kufutwa kwa kalamu ya mwalimu wa taaluma kuliko lile ambalo bado ni pendekezo.