Ripoti za maafa: fomu moja kwa wote, au kila tukio na lake?

Ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, ikiwa na watu 43, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walifariki. Kwa upande wa ndege, utaratibu wa kimataifa wa anga uko wazi: ripoti ya awali ndani ya siku 30, kwa mpangilio unaofuatwa dunia nzima. Kwa upande wa majeruhi, hakuna anayebanwa hivyo. Nani aliwapokea ufukweni, nani alihudumiwa kwanza na kwa nini, nani alipelekwa wapi na kwa chombo gani, mengi ya hayo huishia kwenye daftari la wodi na vichwani mwa waliokuwa zamu.

Pengo hilo wataalamu wameliona. Mwaka 2014 kundi la madaktari na watafiti wa nchi mbalimbali, Norway ikiwa mbele, lilichapisha fomu ya pamoja ya kuripoti huduma za dharura katika matukio makubwa: huduma zilikuwaje kabla ya tukio, nini kilitokea, waokoaji walifanya nini, majeruhi walikuwa na hali gani, funzo ni lipi.

Faida yake inaonekana ukirudi Nairobi, Agosti 7, 1998. Kabla ya bomu la ubalozi wa Marekani kulipuka, kulisikika mlipuko mdogo wa gruneti. Watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia, na bomu likawakuta hapohapo. Vioo viliwajeruhi wengi machoni. Jambo kama hilo likiandikwa mahali panapojulikana, hospitali ya mji mwingine itajua kuwa siku ya bomu haitoshi kuwaita mafundi wa mifupa pekee.

Kisha kuna hesabu ya vifo. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, makumi walikufa siku hiyohiyo. Wengine walipelekwa Muhimbili, wakaendelea kufariki hadi idadi ikapita 100. Ripoti iliyofungwa usiku wa kwanza na iliyofungwa mwezi mmoja baadaye utadhani zinaeleza ajali mbili tofauti. Bila kukubaliana hesabu ifungwe lini, kulinganisha Morogoro na kwingine ni kupoteza muda.

Wanaopinga husema kila maafa yana sura yake. Hoja hiyo hainishawishi. Ajali za ndege nazo hazifanani. Wanaolalamikia wingi wa makaratasi nawaelewa zaidi, maana muuguzi wetu tayari anajaza rejista chungu nzima, ingawa matukio ya ukubwa huu hayaji kila wiki.

Hoja nzito ni nyingine. Fomu hizi zimezaliwa kwenye nchi ambako uokoaji huanza na simu na gari la wagonjwa. Huuliza simu iliingia saa ngapi, gari la kwanza lilifika saa ngapi. Ukiijaza kwa Bukoba, mvuvi hana pa kukaa. Saa itakayoandikwa ni ya gari kufika, kana kwamba kabla yake watu walikuwa wamekaa tu wanasubiri. Bodaboda, matatu na magari binafsi yaliyobeba majeruhi yatapotea vilevile, na hao ndio huduma yetu ya kwanza, tupende tusipende. Kwa hiyo fomu ichukuliwe, lakini iongezewe sehemu ya raia: walifika lini, walifanya nini, waliwabeba majeruhi vipi.

Halafu kuna woga. Daktari akijua karatasi yake itatua mbele ya tume au mahakamani, ataandika kwamba huduma ilitolewa kwa wakati, basi. Wenzetu wa anga walilikabili hili kwa kuandika kwenye kanuni zao kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Ningeanza na kinga ya aina hiyo kisheria, fomu ifuate. Na asiijaze Mganga Mkuu wa mkoa ulipotokea msiba, maana hapo anajipima mwenyewe. Aitwe wa mkoa jirani, apewe mwezi mmoja, na aanzie mwaloni kwa wavuvi kabla hajaingia ofisi yoyote.