Shemeji Kanilipa Deni kwa Kwadi

Shemeji yangu ana njia zake za kulipa madeni. Wenzake wanatuma kwa simu. Yeye kaniletea kwadi, ile pikipiki ya matairi manne ya kukodishia watalii ufukweni. Kaishusha uani kwangu kutoka kwenye guta, kasema, "Shemeji, injini nzima kabisa, inataka kusetiwa tu," huyoo, kapotea.

Napiga kiki, haishuki. Napanda na mwili mzima, haishuki. Na mimi si mwepesi, chaga za kitanda changu ni mashahidi. Mama watoto yuko mlangoni: "Labda hujui kuipiga. Kaka yangu hawezi kukuletea kitu kibovu."

Hapa mtaani ukishika spana tu, watu wanajaa kuliko msibani. Wa bodaboda akasema plagi. Muuza chipsi akasema mafuta yamechakachuliwa. Babu wa nyumba ya pili, dereva wa malori mstaafu, akasema betri. Betri! Kiki inasukumwa na mguu wangu, betri inaingiaje hapo? Lakini mtu mzima humbishii. Nikasema sawa babu, tutaiangalia. Mwingine akashauri tuifunge kamba nyuma ya pikapu tuivute mpaka iwake. Huyo nilimfukuza. Injini iliyokamata, yaani iliyokwama ndani, ukiilazimisha unaharibu hata kilichopona, konrodi, ule mkono wa pistoni, inapinda na silinda inachanika.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya oili. Hii ni tustroki, injini ya mipigo miwili, jamani. Oili ya gia inayo, lakini haifiki kwenye pistoni. Pistoni na bearingi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zinategemea oili iliyochanganywa na petroli. Ukiijaza petroli tupu, pistoni inapata moto, inavimba, inang'ang'ania silinda. Ndipo unapoletewa wewe uani, kulipwa deni.

Bahati akaja fundi kijana asiyependa maneno. Kwanza kafungua plagi, maana silinda ikijaa maji nayo inazuia kiki. Pakavu. Kafungua kava la magneto, kajaribu kuizungusha krenki kwa spana kwenye nati yake. Imegoma, kwa hiyo si meno ya kiki yaliyokwama. Kamimina oili nyepesi kwenye tundu la plagi, kasema tulale. Mimi nilale? Usiku kucha nasikia, "Kaka yangu alisema kusetiwa tu."

Asubuhi kaingiza gia, tukawa tunaitikisa mbele na nyuma polepole, hakuna kulazimisha. Ikalia kidogo, ikazunguka. Babu kapiga makofi: "Si niliwaambia betri?"

Fundi hakushangilia. Kang'oa egzosti, kamulika tochi kwenye tundu lake. Pistoni imechubuka, ringi zimekwama kwenye mifereji yake. Bloku, yaani silinda, ikachongwe, inunuliwe pistoni ya oversaizi, kubwa kidogo kuliko ya mwanzo, milimita 0.50 ikitosha, na sili za krenki zibadilishwe, maana zikivuta hewa moto unazidi na tunarudi palepale. Halafu kanionyesha mahali palipokuwa na pampu ya oili, ile inayoichanganya yenyewe. Imeng'olewa, tundu limezibwa kwa bolti. Maana yake anayejaza mafuta ndiye anatakiwa achanganye oili mwenyewe. Tukafungulia tangi kwenye chupa tuone. Oili ya tustroki kwa kawaida inatiwa rangi. Hiyo petroli haikuwa na rangi wala harufu ya oili.

Mama watoto kaitazama chupa, kaniambia labda rangi imepauka kwa jua.

Nikampigia shemeji. Nikamsomea kimoja kimoja: kuchonga bloku, pistoni, ringi, gasketi, sili, ufundi. Kasikiliza kwa adabu zote, akavuta pumzi, akasema, "Shemeji, ukishaitengeneza hivyo, thamani yake si itazidi lile deni? Sasa chenji yangu utanitumia lini?"