Mpaka ulindwe, na foleni isogee

Kila siasa za uhamiaji zinapochemka hapa Marekani, nawasikia Watanzania wenzangu wenye makaratasi wakisema juu ya wahamiaji wasio nayo: "Si wangepanga foleni kama sisi?" Mimi mwenyewe niliingia kwa bahati nasibu ya grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na kauli hiyo siikubali.

Foleni ipi? Kisheria bahati nasibu ina nafasi zisizozidi 55,000 kwa mwaka, na Wamexico hawaruhusiwi hata kuomba. Raia wa Marekani akimwombea kaka yake aliye Mexico, kungoja kunapita miaka 20. Kwa wenzetu wa kubeba boksi, watu wa kazi zisizodai ujuzi maalumu, sheria ya 1990 iliweka viza za kudumu zisizozidi 10,000 kwa mwaka, dunia nzima. Hata sisi tulionjeshwa: Januari 2020 serikali ya Trump iliiondoa Tanzania kwenye bahati nasibu, ikarudishwa Januari 2021 alipoingia Biden. Sheria gani tulikuwa tumevunja?

Kazini kwangu kuna mama wa Honduras, msafishaji wa zamu ya usiku. Ameolewa na raia, watoto wamezaliwa hapa. Risiti zake za kodi za miaka yote anazitunza kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti cha gari, pamoja na vyeti vya watoto, asije akakamatwa akakosa cha kuonyesha. Aliingia bila kukaguliwa mpakani, kwa hiyo ndoa peke yake haimsaidii: anatakiwa atoke nchini akaombe viza ubalozini. Lakini sheria ya 1996 inasema aliyekaa bila kibali mwaka mzima au zaidi, akitoka tu, anafungiwa miaka 10. Upo msamaha wa kuomba, nao ni wa kungoja na kubahatisha. Basi hatoki. Sheria iliyotungwa kumwondoa ndiyo inayomzuia asijirekebishe.

Mimi ni mtu wa Mpanda. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 walipewa mapori ya Katumba na Mishamo wakayageuza mashamba, na mahindi na maharage yao tumeyala tangu utotoni. Lakini kutoka nje ya makazi walihitaji kibali, hata wale waliozaliwa palepale. Kuanzia 2007 serikali ikawauliza: mnarudi au mnaomba uraia? Watu kama 162,000 wakapewa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Nchi haikuanguka.

Serikali hiyohiyo, 2013, iliendesha Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji wasio na vibali. Kule Kagera waliondolewa watu waliokaa miongo kadhaa, wengine wakaacha ng'ombe, wengine wake na watoto. Yote mawili ni yetu, na najua lipi linanipa fahari.

Sisemi mpaka uachwe wazi. Usipolindwa, wanaoneemeka ni wasafirishaji wa magendo wanaowatoza watu akiba ya maisha na kuwatelekeza jangwani. Ndiyo maana bado nausikitikia muswada wa uhamiaji wa Marekani wa Juni 2013, uliopita Seneti kwa kura 68 dhidi ya 32. Ulitaka askari wa mpakani wapatao 20,000 zaidi, na papo hapo njia ya miaka 13 kuelekea uraia kwa waliokwisha kuwapo nchini bila kibali, mradi walipe faini na kodi wanazodaiwa. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kamwe. Tangu hapo kila upande unataka nusu yake tu.

Kuna kifungu kingine ambacho wengi hawakijui. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu wa muda mrefu asiye na makaratasi kuomba grini kadi, mradi aliingia kabla ya tarehe 1 Januari 1972. Tarehe hiyo haijasogezwa tangu 1986. Bunge likiamua kuisogeza, halihitaji kuunda mfumo mpya. Mlio raia, mpigieni simu mwakilishi wenu na mumuulize msimamo wake juu ya tarehe hiyo.